Asante mzee wa baiskeli nyekundu

Shikamoo mzee wangu, jina sikuuliza ila wewe uliyenisimamisha njia panda ukaniambia achana na lami, shika njia ya reli ya zamani iliyong'olewa, asante sana aisee. Yaani vilima vyote vile nimepita bila gari hata moja kunipigia honi, na ulisema kweli, treni haipandi mlima mkali ndio maana njia yake inazunguka taratibu, mwinuko asilimia 2 au 3 hivi, na mizigo yangu yote nyuma bado napiga stori na mwenzangu. Kupunguza upepo kidogo kwenye tairi nako kumesaidia, kokoto hazikunitesa mikono. Ila handakini giza balaa! Tochi yako ninayo, nikikuona nakurudishia.