Kesho tunarudia Leverkusen na Roma

Wadau za jioni, kesho saa mbili usiku palepale bandaumiza, tunarudia Leverkusen na Roma ya Mei 2024, nusu fainali ya Europa League, mechi ya marudiano. Najua wengine mtasema ya zamani ila jamani ule msimu mie bado haujanitoka, ligi Leverkusen wamemaliza mechi 34 bila kufungwa hata moja, pointi 90, na kombe la Ujerumani wakabeba. Angalieni dakika ya 97, wako nyuma 2-1, fainali wameshaingia kwa ushindi wa mechi ya kwanza lakini wanapambana kama wanadaiwa, Stanišić anakata ndani anachapa kwa kushoto, mechi ya 49 hawajafungwa, mashindano yote! Fainali na Atalanta siweki, zile goli tatu za Lookman wa Atalanta bado zinauma. Njooni mapema viti vichache.