Betri za rimoti si chakula cha simu ya mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu simu za mezani zisizo na waya, zile za mapokezi, zahanati na maofisini. Nyingi zinazofikishwa kwa mafundi kwa madai kwamba zimekufa hazijafa. Zimewekewa betri zisizo zake.

Mara nyingi simu hizi hutumia betri mbili nyembamba za nikeli (NiMH), saizi ya AAA, volti 1.2 kila moja. Zikichoka, mtu hununua za rimoti kwa kuwa umbo ni lile lile. Tatizo ni kwamba simu ikirudishwa kwenye kitako chake, kitako hakiulizi ni betri gani, kinasukuma umeme tu. Betri ya alkalini, kama zilivyo nyingi za rimoti, haikuundwa kupokea chaji: gesi hujaa ndani, kizibo huachia, na maji yake makali hula vichuma na bodi. Yakikupata jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Mbaya kuliko zote ni betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye umbo hilo hilo; hiyo yaweza kulipuka au kuwaka moto.

Kwa hiyo soma ganda kabla ya kulipa: NiMH, 1.2V, ujazo wa kati ya 500 na 800 mAh (miliampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Ukiona AAA iliyoandikwa 3,000 mAh, mrudishie muuzaji. Umbo lile halibebi kiasi hicho. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Kuukuu ikichanganywa na mpya, ile dhaifu huisha mapema, mwenzake huilazimisha kufanya kazi kinyume, nayo huvuja.

Chaji ya kwanza iwe ya saa 14 hadi 16. Watu huona ni nyingi, lakini hesabu ni rahisi: kitako kikitoa miliampia 60, betri ya 600 mAh ingejaa kwa saa 10, ila sehemu ya umeme hupotea kama joto. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, chomoa adapta kwanza. Na kabla ya kulaumu betri, futa vichuma vya kuchajia kwa kitambaa kikavu au kifutio cha penseli. Uchafu tu huzuia chaji.

Simu zinazotumwa na ndugu walioko Marekani ni shida nyingine. Adapta nyingi za huko ni za volti 120, nasi tuna 230, hivyo huungua mara moja. Kubadili adapta hakumalizi neno: simu hizo hurusha mawimbi ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo huku ni njia ya 3G ya simu za mkononi. Chukua za Ulaya, zinazotumia 1880 hadi 1900.

Zahanati zikumbuke kwamba umeme ukikatika kitako huzimika, na mkono wa simu uliojaa chaji haufai kitu. Pawepo hata simu moja ya waya kwenye laini. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa plagi na waya wa laini pia.

Betri kuukuu zisichomwe jalalani, hasa zilizoandikwa NiCd (nikeli na kadimiamu), kwani kadimiamu ni sumu. Ziba ncha zake kwa utepe, uziweke kwenye kopo kavu mbali na watoto hadi zipate mpokeaji wa taka za elektroniki.

Fundi wa simu,
Dar es Salaam