Yangeyange hafuati kupe, anafuata kwato

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Ukimuuliza mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Moshi akupe mfano wa viumbe wawili wanaofaidiana, aghalabu jibu ni lile lile: ndege mweupe anakula kupe wa ng'ombe, ng'ombe anapona, ndege anashiba. Anapigiwa vema na somo linaishia hapo. Shida ni kwamba yangeyange, huyo ndege mweupe tunayemwona kila siku nyuma ya ng'ombe, hafuati kupe. Anafuata kwato. Ng'ombe akipita kwenye majani anawafumua panzi, naye yangeyange anawadaka bila kuhangaika kuwatafuta. Ni nadra yangeyange kudonoa kupe au nzi. Ng'ombe hapati kitu cha maana, wala hapotezi kitu.

Anayeshinda mgongoni mwa mnyama akichokonoa kupe ni shashi, ndege wa kahawia mwenye mdomo mwekundu au wa njano. Naye si malaika. Shashi hunywa damu, na hudonoa vidonda vya mnyama vikachelewa kupona. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha ng'ombe waliokingwa wasifikiwe na shashi na wale walioachiwa: kupe hawakupungua kwa walioachiwa, ila vidonda vyao vilizidi. Upande wa pili, utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaru mweusi mwenye shashi humgundua mtu anayemnyemelea akiwa mbali zaidi kuliko kifaru asiye naye. Si bure Waswahili walimwita askari wa kifaru. Ndege huyo huyo ni mlinzi hapa na mnyonyaji pale, na mtoto wa Darasa la Tano analielewa hilo vizuri akizoezwa kuuliza maswali mawili: kila mmoja anapata nini, na mmoja akiondolewa kinabadilika nini?

Swali la kwanza halina gharama. Watoto wakae kama mita 20 kutoka kwenye kundi la ng'ombe, kila mmoja achague yangeyange wake amtazame kwa dakika 10. Mdomo ukienda kwenye majani apige mstari, ukigusa ngozi ya ng'ombe aweke duara. Wakimaliza, mwalimu hana haja ya kuhubiri.

Swali la pili linataka shamba la shule, na hapo zao zuri kuliko yote ni maboga. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Jike linajulikana kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Chavua, yaani unga wa ua dume, ni nzito na inanata, upepo hauibebi, hivyo bila nyuki hakuna boga. Ua hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya jua kuwa kali, mara nyingi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Kwa hiyo kazi huanza jioni ya jana yake. Tafuteni machipukizi 12 ya maua jike ambayo ncha zake zimeanza kuwa za njano. Manne yafungwe uzi mweupe na kuachwa wazi. Manne yafungwe uzi mwekundu na kuvalishwa kifuko cha kitambaa chepesi cha pazia. Manne ya mwisho yapewe uzi wa bluu na kuvalishwa kifuko vilevile, lakini kesho yake kabla ya saa 3 mtoto avue kifuko, achume ua dume, alitoe petali, asugue chavua katikati ya ua jike, kisha arudishe kifuko. Hili kundi la bluu walimu wengi huliacha, na ndilo lenye hoja. Bila hilo mtoto mwerevu atasema kifuko ndicho kilichoua tunda, na mwalimu hatakuwa na jibu.

Vifuko vikae siku mbili, halafu viondolewe. Ndani ya wiki moja vitunda vya uzi mwekundu hugeuka njano, husinyaa na kuanguka, na vya bluu huendelea kunenepa. Mfuko wa plastiki usitumike, kwa kuwa unakusanya joto na unyevu, ua linaoza. Chandarua chenye dawa kisitumike pia, maana dawa ile inaua nyuki. Kama mmea tayari umebeba boga kubwa, huangusha vitunda vipya hata vilivyochavushwa, hivyo maboga ya awali yachumwe kwanza. Wiki ya kwanza au ya pili ya kuchanua huwa maua dume matupu, msikate tamaa. Na jamani, mpishi wa shule aambiwe mapema, la sivyo jaribio lote litaishia kwenye sufuria ya mboga ya majani ya maboga.

Maharage yanafundisha kitu kingine, yaani mshirika asiyeonekana kwa macho. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Pandeni mistari miwili ya mita 3, mashimo kila sentimita 20, mbegu mbili kila shimo. Mstari mmoja usiguswe na mbolea. Wa pili, siku saba baada ya kuota, uwekewe yurea, yaani mbolea ya naitrojeni, nusu kizibo cha soda kwa kila shimo, sentimita 10 kutoka kwenye shina, kisha ifukiwe. Miteremko yetu ya Kibosho na Marangu inadai mstari wenye yurea uwe upande wa chini, na nafasi ya mita moja katikati, la sivyo mvua itaisomba mbolea hadi kwenye mstari mwingine.

Chimbeni maua yanapochanua, si wakati wa kuvuna, maana wakati huo vinundu vimeshaoza. Mmea using'olewe kwa mkono, kwani vinundu hubaki ardhini. Jembe lipite sentimita 15 kutoka shinani, bonge la udongo lilowekwe kwenye ndoo dakika 10, ndipo lisuuzwe taratibu. Mwalimu apasue vinundu kwa wembe: chenye wekundu ndani kinafanya kazi, cheupe bado au hakifanyi kazi, cha kijani kimechoka. Mstari wa yurea kwa kawaida huwa na vinundu vichache, kwa kuwa mmea uliopewa naitrojeni ya bure hauna sababu ya kumlipa bakteria. Uvimbe usiobanduka, ulio ndani ya mzizi wenyewe, si kinundu. Huo ni ugonjwa wa minyoo fundo, na watu wazima wengi huuchanganya. Maharage yakikosa vinundu kabisa, ukanda wa chini kama Kahe jaribuni kunde, ambazo ni nadra kukosa bakteria wa kushirikiana nao. Soya iachwe, mara nyingi inahitaji bakteria wake maalumu ambao udongo wetu hauna.

Kwa madarasa ya juu kuna kahawa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 uliona kwamba ndege na popo wanaokula wadudu waliongeza utungaji wa matunda kwa takribani asilimia 9, nao wachavushaji wakaongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7 hivi. Shule nyingi zimepakana na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya kahawa na migomba, mfano uko nje ya dirisha.

Kwa watunzi wa vitabu nina ombi moja. Picha ya yangeyange na ng'ombe msiifute, ihamishieni kwenye mada ya mmoja kufaidi na mwingine kutodhurika.

Kuhusu ratiba, maharage yaliyopandwa katikati ya Machi huchanua mwishoni mwa Aprili, na maboga ya siku hiyo hiyo hutoa maua jike mwezi Mei. Maeneo ya juu yenye baridi ongezeni wiki moja au mbili, na mkichelewa kupanda maua yatachanua watoto wakiwa kwenye likizo ya Juni.

Mwalimu wa sayansi,
Moshi