Mwanangu, usihame kozi

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Tangu uliponipigia Jumapili sijatulia. Umesema mara tatu unataka kuhama kozi yako ya fasihi ya Kiingereza, na kila nikiuliza kwa nini unajibu "basi tu, mama". Hiyo "basi tu" yako naijua. Wamekucheka. Ulisimama kusoma, lafudhi ya Kasulu ikatoka, darasa likaangua kicheko, ukakaa. Tangu siku hiyo hunyooshi mkono.

Mama, usinyamaze. Wengi wa hao wenzako walisoma kwa Kiswahili miaka saba kama wewe, wakafika kidato cha kwanza wakakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Kwako Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kiha cha nyumbani na Kiswahili, na hata hiyo ya pili uliikuta shuleni.

Zile karatasi ulizosahau likizo nimezisoma. Ile hadithi fupi ya Kate Chopin wa Marekani, ya mwaka 1894. Mke mgonjwa wa moyo anaambiwa mumewe kafa kwenye ajali ya treni. Anajifungia chumbani, anakaa kitini kuelekea dirishani, na polepole anajiona yuko huru. Halafu mume anaingia mlangoni, mzima, na mke ndiye anayekufa. Madaktari wanasema kauawa na furaha. Kiingereza changu unakijua, lakini juu ya kila neno gumu uliandika Kiswahili kwa penseli, nikakufuata mstari kwa mstari siku nne. Pale anaponong'ona kwamba yuko huru, uliandika "huru", ukafuta, ukaandika tena, kisha pembeni ukaweka lile neno la Kiha la bibi yako akishatua mzigo wa kuni. Nililia, mwanangu. Simama uwaeleze hivyo hivyo ulivyoandika pembeni.

Uliponisimulia mara ya kwanza nilikukaripia, nikasema hadithi gani hii ya mwanamke kufurahia msiba. Nilisema haraka. Baba yako alipokuwa akienda Tabora kikazi mwezi mzima, nilikuwa nalala hadi jogoo. Hayo tuyaache.

Na Kiha je? Tulipohamia mjini, ukikitamka mbele ya wageni nilikuwa nakufinya, nikitaka uonekane mtoto wa mjini. Ulikuwa unafumba mdomo hapo hapo, unaniangalia. Sasa nikisikia umefumba mdomo darasani, usingizi haunijii.

Lakini na wewe una makosa. Muhula mzima hujaenda kumwona mwalimu hata mara moja. Nenda. Soma kwa sauti chumbani, hata mwenzako akinuna. Na simu usiku wa manane punguza, macho yako si mazima.

Usihame, nakuomba. Mwaka 2024 walipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hapakuwa na dagaa wa kuanika, na ada yako ilipatikana, kidumu kwa kidumu cha mawese ya shangazi yako. Sikusimangi. Hapa mtaani nikiulizwa unasoma nini, nasema fasihi ya Kiingereza, na nasema kwa sauti.

Sasa hivi ni mbalamwezi, mitumbwi haitoki. Giza likirudi nitaanika dagaa wa kwetu Kibirizi nikutumie kwa basi nusu gunia. Wasiokauka vizuri kula kwanza, usiwauze. Bati la jikoni bado linavuja juu ya mafiga, fundi alichukua hela ya misumari hajarudi. Mdogo wako anakupa shikamoo. Sweta lako la bluu analivaa yeye, usimgombeze, nilimruhusu mimi.

Hadithi nyingine mkigawiwa nitumie nakala, ila kandamiza penseli, taa yangu hafifu. Na siku utakayoongea darasani nipigie jioni. Asubuhi niko mwaloni, simu naiacha nyumbani.

Mama yako