Kupe sugu wapelekwe maabara wakiwa hai

Mhariri,

Kila mvua zikinyesha na nyasi kurefuka, malalamiko ni yale yale hapa Uganda, kuanzia Isingiro hadi Nakasongola: dawa ya kupe haifanyi kazi. Mfugaji ameogesha ng'ombe Jumatatu, Alhamisi anakuta kupe masikioni na chini ya mkia. Anarudi dukani, anapewa chupa nyingine. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini chupa hiyo ya pili mara nyingi haisaidii, na jinsi mfugaji anavyoweza kupata jibu la kweli kutoka kwa wataalamu wanaolipwa na serikali kulitafuta.

Geuza chupa usome maandishi madogo. Jina kubwa la mbele ni la biashara tu. Kinachoua kupe ni kiambato kilichoandikwa chini yake: amitrazi, sipamethrini, deltamethrini, klofenvinfosi. Sipamethrini na deltamethrini ni za kundi moja, pairethroidi, na kupe aliyezoea moja kwa kawaida huistahimili na ya pili. Kwa hiyo mfugaji anaweza kubadilisha chupa tatu kwa mwaka, zenye rangi tatu na bei tatu, bila kutoka ndani ya kundi lile lile. Utafiti wa kupe wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi, yaani dawa haiwaui tena, na kupe wengine walikuwa sugu kwa makundi zaidi ya moja. Ndiyo maana kuchanganya dawa mbili kwenye bomba moja la kunyunyizia, au kuchukua dawa ya nyanya na kuimwagia ng'ombe, ni hatari tupu: kupe wanazoea zote kwa pamoja, na sumu isiyopimwa kwa mifugo inaingia kwenye maziwa.

Kupe wa bluu ndiye hutangulia kuwa sugu. Akishapanda juu ya ng'ombe akiwa mdogo, hubaki juu ya ng'ombe huyo huyo kwa wiki tatu hivi mpaka ashibe na kudondoka. Ukinyunyiza mara mbili kwa wiki, dawa inampata katika kila hatua ya ukuaji wake, na wanaosalia ni wale tu walioishinda. Kupe wa kahawia wa masikioni, anayeambukiza ugonjwa wa ndigana kali (Waganda huuita amakebe), hudondoka na kutafuta mnyama mwingine mara mbili kabla hajakomaa, hivyo sehemu kubwa ya maisha yake ipo kwenye nyasi, mbali na bomba. Usugu wake huchelewa, lakini ukifika ndama wanakufa.

Lakini kabla ya kusema kupe ni sugu, uchanganyaji uangaliwe. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, kwa hiyo bomba la lita 20 linahitaji mililita 40. Vizibo vya chupa havilingani. Anayepima kwa kizibo huenda ametia nusu ya kipimo. Tumia sirinji ya mililita 20, mara mbili. Koroga dawa kwanza katika kikombe chenye maji kidogo, ndipo umimine kwenye bomba lililojaa nusu, kisha ujaze maji huku ukikoroga. Maji ya bwawa yenye tope na samadi huziharibu pairethroidi, kwa kuwa dawa hushikamana na uchafu badala ya kushikamana na manyoya. Amitrazi iliyolala kwenye bomba usiku kucha asubuhi haina nguvu ile.

Halafu kiasi. Bomba moja likigawiwa kundi zima, kinacholowa ni mgongo, na mgongoni kupe ni wachache. Nyunyiza kinyume cha mwelekeo wa manyoya hadi maji yadondoke chini ya tumbo. Funua sikio upige ndani, inua mkia, kisha umalizie kati ya mapaja na kuzunguka kiwele. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kuogesha, kazi imeoshwa yote.

Ukiwa umefanya hayo yote na kupe bado wananona, hapo kuna jambo la kupima. Chuma kupe asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini, tangu siku ya tatu au ya nne baada ya kuogesha. Wanaotakiwa ni majike walioshiba, wakubwa kama mbegu ya mbono, angalau 30, kutoka kwa ng'ombe kadhaa. Mshike karibu na ngozi, mzungushe taratibu umvute. Akikatika mdomo hafai. Waweke kwenye chupa safi ya plastiki yenye matundu ya sindano kwenye kifuniko, pamoja na kipande cha karatasi chenye unyevu kidogo. Maji yakionekana chupani, yamezidi.

Makosa ndiyo yanayotuumiza zaidi, kwa sababu mtu amesafiri kutwa nzima na sampuli isiyopimika. Kupe waliotiwa kwenye spiriti wanaweza kutambuliwa aina yao, lakini mtu hawezi kupima kama dawa inawaua, maana wamekwisha kufa. Waliowekwa juu ya dashibodi ya gari wamepikwa. Waliochanganywa kutoka mashamba mawili hawasemi lolote kuhusu shamba lolote. Chupa iandikwe tarehe, kijiji, dawa tatu za mwisho kwa majina ya viambato, kipimo kilichotumika na siku ya mwisho ya kuogesha. Ifike maabara siku hiyo hiyo au kesho yake.

Jibu huchukua muda, na wafugaji waambiwe mapema. Majike walioshiba wanaweza kuchovywa kwenye dawa, kisha baada ya siku 7 hivi huangaliwa kama wametaga. Kipimo cha kina zaidi husubiri mayai yaanguliwe na kupe wachanga wafikishe umri wa wiki mbili au tatu. Ndipo hufungiwa ndani ya karatasi iliyolowekwa dawa kwa saa 24, na waliokufa huhesabiwa. Ni wiki sita au zaidi. Hakuna mkato: kupe hawaharakishwi.

Sasa ombi letu. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Mifugo, NaLIRRI, iliyokuwa Tororo, leo iko Nakyesasa wilayani Wakiso. Chuo Kikuu cha Makerere nako wataalamu wa tiba ya mifugo wamepima usugu kwa miaka mingi. Ujuzi upo, ila kwa mfugaji wa Kiruhura au Moroto uko mbali. Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, lina taasisi tisa za kanda, zikiwemo Mbarara, Nabuin, Ngetta na Abi. Hizo zipokee chupa za kupe siku maalumu kila wiki, na gari moja lizikusanye kupeleka maabara. Matokeo yarudi kwa daktari wa mifugo wa wilaya yakitaja kundi la dawa linaloua na kundi lililoshindwa, si jina la chupa. Na yabandikwe pale wafugaji wanapopeleka maziwa, kwa sababu kupe hawajui mpaka wa shamba.

Wapo wanaosema chanjo ya kupe ya NARO itamaliza kazi hii. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini chanjo ya aina hiyo hupunguza kupe wanaoshiba na mayai wanayotaga. Haiangushi kupe waliopo leo. Hata ndama aliyechanjwa ndigana kali, ambaye anaweza kuogeshwa mara chache zaidi, bado anahitaji dawa inayoua. Wilaya ikijua ni kundi gani bado linaua kwake, wauza dawa waagize hilo, na makundi mengine yapumzishwe.

Wahudumu wa maabara ya mifugo,
Mbarara