Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: huduma zetu na ruzuku tulizoomba mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zangu na vijana mliofika, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha kwenye mkutano mkuu wetu wa mwaka hapa Pangani mjini. Mliovuka na kivuko kutoka Bweni, na nyinyi mliotoka Mwera, Kipumbwi na Mkwaja alfajiri, poleni na safari. Hesabu za mwaka mmegawiwa kwenye karatasi, na mweka hazina atazisoma mstari kwa mstari baada yangu, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitakaa zaidi kwenye jambo lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu: tunaomba ruzuku kwa nani, na kwa kazi ipi.

Huduma za mwaka

Kazi zetu zimebaki zile zile mlizotutuma. Tunawatembelea wazee wasio na wa kuwatunza, tunawasindikiza hospitali wanapougua, na tunaendesha kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Kituo kinaendelea vizuri. Afisa Ustawi wa Jamii amekikagua, walezi wetu wamehudhuria mafunzo, na uji haujakosekana. Kuna jambo moja tu nataka mlifahamu, kwa sababu wafadhili hutuuliza kila mara. Wanataka tuwaandikie idadi ya watoto kwa siku, na idadi hiyo kwetu inafuata bahari. Siku za bamvua, maji ya bahari yanapokupwa mbali, mama wanaolima mwani wako shambani wote kwa pamoja na kituo kinajaa. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, watoto wengi wanabaki nyumbani na mama zao. Tumeanza kuandika mahudhurio pamoja na hali ya maji. Anayesoma andiko letu la kuomba ruzuku akiwa Dar es Salaam au Dodoma sasa anaelewa kwa nini namba zinapanda na kushuka, na hadhani tumezibuni.

Kwa upande wa wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Dirisha la kuwahudumia wazee hospitalini lipo, na watumishi wa afya wametupa ushirikiano mkubwa. Lakini kutoka nyumbani hadi kwenye dirisha hilo ni nauli. Chukueni mzee wa Mkwaja aliyeandikiwa rufaa ya mtoto wa jicho kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Anahitaji usafiri hadi Bweni, kivuko, gari hadi Tanga, mtu wa kumshika mkono, chakula cha watu wawili na mahali pa kulala. Msamaha wa matibabu haugusi hata kimoja katika hivyo. Wapo wazee wilayani hapa wanaoishi gizani na cheti cha rufaa wanacho ndani, na upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi. Jambo hili linaniuma sana, na ndilo lililotufanya mwaka huu tuweke mfuko wa nauli mbele ya maombi mengine yote.

Kuomba ruzuku

Kupata mtu wa kulipia nauli ya mzee ni kazi ngumu kuliko kupata mtu wa kujenga jengo. Wafadhili wengi wanapenda kitu kinachoonekana, na wana sababu zao, kwa kuwa jengo huhesabika na haliliwi. Ruzuku ya ngazi ya jamii ya Serikali ya Japani, ambayo hupitia ubalozi wake, imeacha madarasa, mabweni na visima katika mikoa mingi ya nchi yetu. Asasi kama yetu inaruhusiwa kuomba. Ina kikomo chake cha fedha, na inataka bei za wazabuni watatu na ukaguzi wa hesabu kutoka nje. Hailipi mishahara, mafuta wala gharama za uendeshaji. Mabenki nayo yana utaratibu wake. NMB, kwa mfano, hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na tumeona matunda yake kwenye madawati, mabati na vitanda vya hospitali. Milango yote hiyo ni mizuri, na siku ya kujenga kituo chetu tutabisha hodi. Kwa nauli, haifunguki.

Wanachama kadhaa wameuliza kwa nini hatukwenda kuchukua fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Swali ni la haki na nitalijibu kwa urefu, maana linarudi kila mkutano. Fedha zile, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, lakini unarudishwa. Zilisimamishwa mwezi Aprili 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na marejesho. Ziliporudi mwaka 2024, halmashauri kumi zilichaguliwa kuanza kwa kupitia benki, Bumbuli ya hapa mkoani Tanga ikiwa mojawapo. Mkopo unamfaa mwenye biashara. Mama mwenye mwani, kijana mwenye bodaboda au kikundi cha ufugaji nawahimiza waende, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza. Sisi tunaomsafirisha bibi kwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, marejesho tutayatoa wapi? Bibi hatauziwa huduma. Kukopa kwa kazi isiyozalisha fedha ni kuwabebesha wanachama deni, na kamati haitafanya hivyo.

Basi tukaandika. Andiko letu la kwanza lilirudi na maelezo mafupi kwamba shughuli ni nyingi na bajeti imetawanyika, kwa kuwa wazee na watoto walikuwa humo pamoja. Tulilitenganisha, tukabaki na mfuko wa nauli peke yake, tukaanza upya bangokitita, yaani jedwali la mpango wa mradi: lengo moja, matokeo mawili, shughuli chache zinazopimika. Mfadhili wa hapa hapa nchini akalisoma, akatuma mtu kututembelea, kisha akakubali.

Nataka mjue kilichomshawishi, kwa sababu hakikuwa ufundi wa kuandika. Ni daftari. Tangu mfuko huu ulipokuwa wa michango yetu ya mfukoni, katibu wetu wa huduma amekuwa akiandika kila safari: tarehe, umri wa mzee, kijiji, hospitali aliyopelekwa, nauli iliyotumika, na dole gumba la mzee pale chini. Mgeni alikaa nalo mchana kutwa. Alichagua safari mwenyewe, akaomba apelekwe kwa wazee wale, akawakuta, na waliyomsimulia yalilingana na yaliyoandikwa. Fedha zilikuja kwa kazi iliyokuwa tayari inafanyika na yenye ushahidi. Namshukuru katibu wetu mbele yenu nyote, na naomba mkutano umpigie makofi.

Nayasema haya kwa kuwa mwaka huu palitokea pia wito wa ruzuku wenye fedha nyingi kuliko bajeti yetu nzima, uliotaka mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana. Wapo wajumbe waliotaka tuombe, na hoja zao zilikuwa nzito: vijana wetu hawana ajira, na asilimia fulani ya fedha ingeruhusiwa kwa uendeshaji wa ofisi. Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Hatuna mkufunzi, hatujawahi kufanya kazi hiyo, na wahudumu wale wale wanaotembelea wazee ndio wangekaa darasani kusimamia mafunzo. Mradi ungekwisha, fedha zingekwisha, na wazee wangekuwa wameachwa muda wote huo. Asasi nyingi zimepotea namna hii, kila mwaka zinabadilisha kazi kufuata tangazo jipya, hata wanachama wake hawajui tena zinafanya nini. Kura ilipigwa na kamati ikaamua tusiombe. Waliokuwa na mawazo tofauti wameheshimu uamuzi na wanaendelea kufanya kazi kwa moyo, nami nawashukuru kwa hilo.

Misaada iliyokatika

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la misaada la Marekani, USAID, likakoma kutoa misaada. Chama chetu hakikuwa kinapokea fedha hizo moja kwa moja, lakini zilitufikia kwa njia ya pembeni. Baadhi ya wahudumu wa jamii tulioshirikiana nao kuwaibua wazee na watoto walikuwa wanapata nauli na posho kutoka miradi iliyofadhiliwa na Marekani, na ghafla hawakuwa na kitu. Wengine waliendelea kujitolea, Mungu awalipe. Wengine walirudi shambani na baharini, na hatuwezi kuwalaumu, maana wana watoto wa kulisha.

Kamati imejifunza hapo jambo ambalo limeingia kwenye mpango wetu wa 2026: hakuna huduma tutakayoianza ambayo haiwezi kuishi, hata kwa kiwango kidogo, kwa ada na michango yetu wenyewe. Ruzuku ipanue. Ikikatika, tupunguze idadi ya safari, lakini mzee aliyeandikiwa rufaa ya haraka asikose nauli kamwe.

Posho

Nafahamu kuna manung'uniko. Habari za ruzuku ziliposikika, wapo walioanza kuuliza mbona hatulipwi posho za vikao. Nasema kwa heshima zote kwamba fedha ile imeandikwa nauli, chakula cha safari na malazi ya mgonjwa na msindikizaji wake. Mkataba unaeleza kila kifungu, na kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine kunahitaji kibali cha mfadhili kwa maandishi. Msindikizaji analipwa gharama zake halisi kwa stakabadhi. Kamati haijalipana shilingi moja ya kikao kutoka kwenye ruzuku. Kama mkutano huu unaona wajumbe wanaotoka ng'ambo ya mto warudishiwe nauli zao, na mimi naona ni haki warudishiwe, basi tukate kwenye ada na tuliandike kwenye muhtasari.

Kuhusu wajibu wetu kisheria, kwa kifupi: taarifa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali imeandaliwa na ada ya mwaka imelipwa. Ruzuku yetu haikufikia shilingi milioni 20, kiwango ambacho kikizidi, kanuni za mwaka 2018 zinaitaka asasi itangaze hadharani fedha ilizopata na matumizi yake. Hata hivyo tumebandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo za vijiji tunavyohudumia, na tutaendelea. Wengi wanadhani kwamba asasi ikishasajiliwa imesamehewa kodi. Sivyo. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kivyake kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na sisi bado hatuna, kwa hiyo tunapolipa pango la kituo tunakata kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ya malipo ya mwenye nyumba, na kuiwasilisha TRA.

Tunayoomba mkutano uamue

La kwanza ni kiwanja. Kituo cha watoto kiko kwenye nyumba ya kupanga, na hakuna mfadhili wa majengo atakayetusikiliza bila ardhi yenye nyaraka. Mazungumzo na serikali ya kijiji yamefika pazuri, lakini ardhi ya kijiji haigawiwi na mwenyekiti wa kijiji chumbani kwake. Inahitaji halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wenye saini. Tunaomba ridhaa yenu ili kamati iandike barua rasmi. Tunaomba pia wanachama wanaoishi kijiji kile wahudhurie mkutano siku hiyo, wasimame na kueleza wenyewe kazi ya kituo.

La pili ni waandishi. Maandiko yote ya mwaka huu yameandikwa na watu wawili, tena usiku, baada ya shughuli zao. Tuna vijana humu waliomaliza kidato cha sita na vyuo. Kamati inaomba majina ya vijana wanne wajifunze kuandika andiko la mradi, kupanga bajeti na kujaza fomu za mtandaoni, kwa sababu wito wa ruzuku siku hizi mara nyingi unatangazwa huko na muda wake ni mfupi. Katibu amekubali kuwafundisha kwa kutumia maandiko yetu halisi, likiwemo lile lililorudi.

La tatu ni ada. Kamati inapendekeza ipande, na nusu ya ongezeko iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mfuko wa nauli ambayo haitaguswa kwa jambo lingine. Najua hali za maisha na najua bei ya mwani ilivyo. Wazee wenye zaidi ya miaka 60 wabaki kwenye ada ya zamani. Kiwango kinachopendekezwa kipo ukurasa wa mwisho wa karatasi ya mweka hazina. Kijadiliwe kwa uhuru kisha kipigiwe kura ya siri.

Sasa namkaribisha mweka hazina asome hesabu.