Shoga, kabla hujafunga mabegi huko Guangzhou

Salma shoga yangu, salaam nyingi, mzima wewe? Sisi huku tupo, joto la Dar unalijua, leo umeme haujakatika hivo naandika fasta fasta. Najua nimekaa kimya na wewe umekaa kimya, tusianze kulaumiana saa hizi, tutalaumiana ukija. Mama Rama kaniambia unarudi karibuni na mzigo, na mimi nina kamzigo ka kuongezea, hata kilo hakafiki, usikunje uso, siagizi mapazia.

Ni kibodi. Yaani vifaa vya kibodi, natengeneza mwenyewe. Cheka umalize halafu endelea kusoma.

Si unaujua ule mkono wangu wa kushoto, kile kidole cha mwisho? Nikipata mikataba ya kutafsiri, kikifika jioni kinawaka moto mpaka kwenye kifundo. Daktari kaniambia nipumzike, nikamuuliza na ada ya Nasri nayo itapumzika? Sasa usiku mmoja nikaanza kuangalia herufi zenyewe. Hebu andika "Baba amepata safari ya Tanga". Herufi 24, kati ya hizo A ni 10! Na A imekaa wapi? Chini ya kile kile kidole kinyonge kuliko vyote. Huu mpangilio umetokana na mashine za taipu za Marekani zilizoanza kuuzwa 1874, sisi na A zetu hatukuwa kwenye hesabu ya mtu. Halafu Q na X, ambazo Kiswahili hakizitaki kabisa, zimekaa zinakula nafasi bure.

Kessy kasikia akarukia hapo hapo, hamia Dvorak, mpangilio mwingine wa herufi, umesajiliwa tangu 1936, irabu zote mkono wa kushoto, Kiswahili ni konsonanti irabu konsonanti irabu, mikono itapokezana mwanzo mwisho. Nikakubali nusu, maana neno kama "tano" linaenda kulia kushoto kulia kushoto, raha. Ila shoga, K wameiweka kushoto, chini ya U! Na I nayo ni ya kidole hicho hicho. Sasa ukiandika "kuku" ni kidole kimoja kinapanda na kushuka peke yake, na Kiswahili bila ku- na ki- kitakuwa Kiswahili gani? "Kikao" yote mkono mmoja. Nimemwambia Kessy, kanyamaza, unajua anavyonyamazaga akishindwa.

Kwa hiyo nachora wangu. Irabu kushoto, K naivusha kulia, na A naiweka chini ya dole gumba. Sijaota hilo, kuna mama wa Uingereza, Lillian Malt, mtaalamu wa mafunzo ya taipu, kwenye kibodi ya Maltron miaka ya 70 waliipeleka E kwenye gumba kwa sababu Kiingereza kimejaa E. Mimi nabadilisha herufi tu. Gumba ndo kidole chenye nguvu halafu kwenye kibodi za kawaida magumba mawili yanagombania kitufe kimoja cha nafasi, uvivu ule!

Ila nafasi lazima iende gumba la pili, hapa nilifikiria sana. Angalia maneno yetu yanavyoisha: na, wa, ya, kwa, sana, kesho kutwa... karibu kila dakika unapiga A halafu nafasi. Zikikaa gumba moja litakufa kabla ya kidole. A kushoto, nafasi kulia, tap tap, kama miguu inatembea. C nayo, kwa kuwa sisi hatuiandiki bila H, kitufe chake kitatoa "ch" kwa mpigo mmoja, QMK inaruhusu, ni programu ya bure unaweka ndani ya kibodi yenyewe. C tupu ya Kiingereza itabaki chini ya kitufe kingine ukikishikilia, maana wateja wa Kiingereza ndo wanalipa. Na ng' nayo nataka iwe na kitufe chake, nimechoka kukitafuta kile kialama.

Itakuwa vipande viwili, vitufe 18 kila upande, mabega yasibanwe. Nimempelekea fundi wa Keko plaiwudi nyembamba atoboe matundu ya mraba, milimita 14 kila upande, safu zimepandishwa na kushushwa kufuata urefu wa vidole. Kaangalia mchoro weee, kaniuliza hili bao gani mlilokata katikati, na kete zake ziko wapi. Bao lina mashimo 32 mzee, hili 36, nikamwambia la kisasa.

Sasa orodha. Swichi 40, zile zinazokaa chini ya kila kitufe, za aina ya MX, laini zisizolia. Za bluu usiniletee, zinalia kaa kaa, Baba Nasri atanirudisha kwetu. Kama zipo zinazobonyezwa kwa gramu 35 chukua, za kawaida ni kama 45. Vifuniko vya vitufe 40 visivyoandikwa kitu. Raspberry Pi Pico mbili, vile vibao vidogo vya kompyuta, kimoja kila upande. Waya wa kuunganisha pande mbili, unafanana na wa earphone ila ncha yake ina mikato mitatu sio miwili, na matundu yake mawili. Daiodi, vile vijidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu, acha, Kessy kasema (safari hii kweli) Pico ina pini 26 na upande mmoja una vitufe 18, kila kitufe kinapata pini yake, daiodi ni za wanaobana pini.

Hela nakutumia kwa nani, kwa Mama Rama au kwa kaka yako? Utapita Huaqiangbei, lile soko la elektroniki kule Shenzhen, au hutoki Guangzhou safari hii? Swichi zikifunguliwa pakiti forodha watasumbua? Na wewe ile shingo vipi, bado unaandika ankara zote kwenye simu? Unataka nikukatie na yako kabisa fundi akiwa bado ana moyo? Na ile ya Rehema ni kweli au Mama Rama kaongeza chumvi? Jibu hata kwa sauti.

Wako,
Zuhura